Kabla Haijawaka

Nimeifufua injini moja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilinichukua muda kukubali kwamba hilo ndilo neno lake.

Ni Corolla ya marehemu baba, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya 4K, cc 1,290, ambayo mafundi wa zamani huisifu kwamba haina makuu. Likizo moja ya Desemba nilishinda gerejini Morogoro na kijana mmoja hodari. Tukaishusha injini, kranki ikapelekwa kusagwa, tukafunga pistoni, ringi na beringi mpya. Mimi ni mwalimu, mikono yangu imezoea chaki, hivyo kila nati niliyokaza niliihesabu ushindi. Jioni tulipomimina oili, moyo wangu ulikuwa tayari barabarani. Kijana akasema pampu bado kavu, tuipe muda. Nikamjibu, oili si imo humo ndani? Nikazungusha ufunguo. Ikawaka, waliokuwapo wakashangilia, na taa nyekundu ya oili ikaendelea kuniangalia pale kwenye dashibodi. Sekunde ishirini, labda thelathini. Ilipozima nikajiambia, haya, imezima, tatizo liko wapi?

Miezi miwili baadaye injini ikanoki nikiwa karibu na Mikese, jua la utosi.

Mzee aliyeifungua mara ya pili hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniita tu, "Mwalimu, hebu sogea." Akanipa beringi ya konrodi kiganjani. Uso uliopaswa kuwa wa kijivu, laini kama ukucha, ulikuwa na michirizi, na shaba ilikuwa imechungulia. "Hii haikufia safarini," akasema. "Safarini ilimalizikia tu."

Kwamba oili hulainisha nilikuwa nikilisema tangu utoto. Nilidhani ni utelezi, kama sabuni sakafuni. Baadaye nilisoma habari za Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, aliyekuwa akipima beringi za ekseli za treni katika miaka ya 1880. Alitoboa tundu juu ya beringi apate pa kutilia oili, lakini ekseli ilipozunguka oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu lile lile. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, kizibo nacho kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaonyesha kwa hesabu sababu yake: chuma kinachozunguka huiburuta oili na kuibana mahali pembamba, mpaka inapata nguvu ya kubeba mzigo. Kumbe kranki haitelezi. Inaelea. Ikiwa kwenye kasi yake, chuma hakigusi chuma.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Mimi niliogopa mwendo, milima, mizigo. Sikuziogopa zile sekunde za mwanzo, wakati hakuna cha kuelea juu yake. Injini iliyolala usiku mmoja huamka na utando wa oili ya jana. Iliyofungwa upya haina jana, ina kile kidogo tu ambacho fundi ameipaka kwa kidole.

Mara hii mzee alipaka mafuta ya mgando ndani ya pampu, ili isije ikabaki kuvuta hewa tupu. Akaijaza filta kabla ya kuifunga. Kisha akachomoa distribyuta, kwani kwenye injini hii pampu huzungushwa na distribyuta, akachukua bisibisi ndefu iliyokatwa mpini, akaifunga kwenye drili na kuishusha tunduni. Mimi nikapewa spana nizungushe kranki kwa mkono. "Taratibu, mwalimu. Iache inywe." Drili ililia kwa wepesi kwanza, kama inazunguka hewani, halafu sauti ikawa nzito ghafla, na mkono wa mzee ukakakamaa. Tukaendelea. Oili ikachomoza kwenye roka ya kwanza, ikafuata ya pili, mpaka zote zikalowa na kung'aa. Hazikufika dakika kumi. Ndizo nilizoinyima mara ya kwanza.

Nilipomwambia hivyo akatikisa kichwa. Akasema ziko nyingi zilizowashwa kavu na zinaishi hadi leo, na huenda kranki yangu ilisagwa vibaya. Basi hata kosa langu sina hakika nalo. Nimejikuta nikilishikilia, labda kwa sababu nalifahamu kutoka mahali pengine.

Maana mwaka ule ule nilikwenda Korogwe kwa kaka yangu, baada ya miaka mitatu ya kununiana juu ya shamba la mzee wetu. Nikasema shikamoo kaka, akaitikia marahaba, na kabla shemeji hajaniletea maji nilikuwa nimeshatandaza karatasi mezani. Nilikuwa na haki, nadhani bado ninayo. Lakini nakumbuka alivyoziangalia zile karatasi, kisha akaniangalia mimi, akanyamaza. Niliondoka siku hiyo hiyo. Watu si vyuma, najua, na aliyenuna miaka mitatu halainiki kwa habari za asubuhi na za watoto. Pengine hata ningekaa wiki nzima nikimsalimu, angeninyamazia vile vile.

Agosti hii nilikwenda tena, na Corolla. Tuliongea habari za mvua, goti lake, mjukuu aliyeanza kutembea. Akaja kuiona injini, akaomba niiwashe, tukasimama wawili tukiisikiliza bila kusema neno. Jua likazama, shemeji akauliza kama nitalala. Nikasema nitalala.

Karatasi zililala garini.