Siku Sita Katika Mji wa Berlin

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mama mmoja wa Kampala, mke wa askari polisi, alikwenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kumwona binti yake asomaye huko. Hakukaa ila siku sita, lakini aliyoyaokota yanastahili kusimuliwa katika nyumba za kambini.

Jambo la kwanza lililomstaajabisha ni utaratibu. Katika vituo vya treni ziendazo chini ya ardhi hakuna lango la kuwazuia watu. Kila abiria hununua tikiti yake na kupanda. Wakaguzi huingia ghafla, nao wamevaa nguo za kiraia, na asiye na tikiti hutozwa faini ya Euro 60. Barabarani aliwaona watu wamesimama wakingoja taa igeuke kijani, ingawa hapakuwa na gari hata moja. Siku ya Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mama mwenye nyumba asiyenunua mahitaji yake Jumamosi hupata taabu.

Chupa tupu nazo hazitupwi ovyo. Anunuaye soda ya chupa ya plastiki hulipa rehani ya senti 25, na hurudishiwa fedha hizo airudishapo chupa dukani. Binti yake huzikusanya katika mfuko nyuma ya mlango wa jikoni. Mama akaupenda sana mpango huo, mpaka alipowaona wazee waliovaa makoti mazuri wakipekua mapipa ya taka kutafuta chupa zilizotupwa na wengine. Hapo akatambua kuwa ufukara upo hata Ulaya, ila huko huvaa koti.

Mgeni akiyaona hayo aweza kurudi kwao akasema kwamba Wazungu wameendelea kwa sababu ya utii tu. Lakini mji wa Berlin wenyewe hauyakubali maneno hayo. Katikati ya mji umepita mstari wa mawe uliotiwa barabarani, kuonyesha mahali uliposimama ukuta uliowatenga ndugu na ndugu tangu tarehe 13 Agosti, 1961 hadi tarehe 9 Novemba, 1989. Askari walioulinda walikuwa watiifu pia, na watu waliojaribu kuuvuka walipigwa risasi. Katika mtaa wa Wilhelmstraße ndipo ulipofanyika ule mkutano wa 1884 na 1885, ambamo mataifa ya Ulaya yaliafikiana masharti ya kuitwaa Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani.

Lililomgusa mama huyo zaidi ya yote ni dogo kuliko kiganja cha mkono. Katika mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, limechimbiwa jiwe lenye uso wa shaba, upana wake sentimita 10. Lina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan, kama walivyokuwa mababu wa Wanubi wengi wa Uganda. Katika Vita Kuu ya Kwanza, baba na mwana walilitumikia jeshi la Wadachi, na mwana alikuwa bado mtoto. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mishahara yao iliyobaki. Wakuu wakamjibu kuwa muda wa kudai umekwisha.

Akakaa huko, akaoa, akahudumu mezani katika mkahawa, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu na kuigiza katika sinema. Mwaka 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen pasipo kuhukumiwa mahakamani. Humo alikufa tarehe 24 Novemba, 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007.

Mama aliinama akalisoma jina hilo mara mbili. Alimwambia binti yake kwamba watu waliomnyima askari haki yake, na waliomfunga, bila shaka nao waliingoja taa igeuke kijani.

Msomaji asidhani kwamba utaratibu ni kitu kibaya. Mji usio nao ni taabu kwa wote, na askari asiye na nidhamu ni hatari kwa raia. Lakini utii ni chombo tu, nao humfuata amshikaye. Askari hana budi kujua amri ipi ni halali, na mkuu hana budi kukumbuka kwamba haki ya mtumishi haichakai kwa kupita miaka. Na mke wa askari naye ana kazi yake: barua ya kuandikishwa, hati za malipo na vyeti vya watoto viwekwe pamoja katika sanduku moja, mahali ambapo mchwa na mvua havifiki.