Mwanza: Ziwa Linaonekana, Maji Hayapandi

Mtumishi wa umma katika nchi yetu hachagui mji; mji humjia kwa barua ya uhamisho. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, watumishi wengi walifungasha mizigo bila kuulizwa kama mji huo wanaupenda. Ndiyo maana niliihesabu kuwa bahati nilipoitwa kufundisha Mwanza nikapewa wiki mbili za kutafakari kabla ya kujibu. Siku nne kati ya hizo nimezitumia kuutembea mji kwa miguu na kwa daladala, nikiwa na swali moja: mtu wa kipato cha kawaida anaishije hapa?

Kwamba Mwanza inapendeza, sina ubishi. Ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, ikapata reli mwaka 1928 na hadhi ya jiji mwaka 2000. Mawe makubwa yamebebana juu ya vilima kana kwamba yalipangwa kwa mkono, na Jiwe la Bismarck limesimama majini karibu kabisa na ufukwe. Alfajiri nilifika Mwaloni, Kirumba, nikakuta magunia ya dagaa yakipakiwa na wachuuzi wakipatana bei kwa Kiswahili kilichokolezwa Kisukuma. Ni mji wenye kazi nyingi na maringo machache.

Jibu la swali langu lilianza kujitokeza nilipotafuta nyumba ya kupanga. Dalali alitaja kodi, kisha, kabla sijauliza, akataja maji: nyumba hii yanatoka kila siku, ile yana mgao, ile nyingine ina simtanki. Nilistaajabu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, nasi tulikuwa tumesimama tukilitazama.

Kesho yake nilipanda Igogo. Huko juu nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe, na njia ni ngazi za udongo na mwamba. Nilipishana na wanawake na watoto wenye ndoo vichwani. Mama mmoja aliyeketi kupumzika alinieleza kwamba bomba la karibu hutoa maji usiku wa siku chache tu, na yakikosekana hununua kwa dumu, akilipa kwa kila lita zaidi ya anayefungua bomba kule chini. Kutoka alipoketi, ziwa lilionekana lote.

Wahandisi watasema, na ni kweli, kwamba maji hayapandi mlima yenyewe. Yanahitaji pampu, umeme na matangi ya juu. Tena makazi yasiyopimwa hayaachi nafasi ya kupitisha mabomba. Lakini nchi hii hii imeyatoa maji ya ziwa Ihelele, wilayani Misungwi, ikayafikisha Shinyanga na Kahama, na baadaye Tabora. Nchi hii hii, mwaka 1962, ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri juu ya maji ya mto Nile. Taifa lililothubutu hivyo haliwezi kusema limeshindwa na kilima. Mtambo mpya wa Butimba umeongeza maji jijini, na jitihada hiyo isibezwe. Ila maji kuongezeka bondeni si sawa na maji kufika mlimani.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwetu sisi wenye mishahara. Mgao ukituuma, tunanunua simtanki, tunachimba kisima au tunaita gari la maji. Tukishafanya hivyo, hatuna tena sababu ya kwenda kwenye mkutano wa mtaa kumuuliza diwani. Lalamiko linabaki kwa mama wa Igogo, ambaye muda wa kulalamika anautumia kubeba ndoo. Hivyo ndivyo huduma ya umma inavyodhoofika: wale ambao sauti zao husikika ofisini wamejitoa wenyewe kimyakimya.

Na wahamiaji tutaongezeka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Safari ya Sengerema na Geita haingoji kivuko tena. Kila mgeni mwenye kipato akichukua nyumba ya chini yenye bomba la uhakika, kodi hupanda, na aliyekuwamo husogea juu zaidi. Nami nitakuwa mmoja wa wageni hao. Siwezi kuandika haya kama mtazamaji.

Nimejibu kwamba nitakwenda. Nyumba niliyoichagua ina mgao wa maji, kama zilivyo nyingi za mtaa ule. Simtanki nitanunua, kwa sababu nina familia. Lakini mkutano wa mtaa nitahudhuria, na swali la kwanza nitakalouliza ni ratiba ya maji ya kilimani. Ndugu mtumishi unayesoma haya ukiwa na barua ya uhamisho mezani, nakuomba ufanye vivyo hivyo huko uendako: kabla ya kuuliza nyumba nzuri zipo wapi, uliza nani anabeba ndoo, na anaibeba kutoka wapi.