Mwaka Ada Ilipofutwa

Mjukuu wangu, wewe ulianza darasa la kwanza bila mzazi wako kudaiwa ada, na huenda unadhani mambo yalikuwa hivyo tangu enzi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu huku Hanang, upande wa Basotu, miaka ile ada ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ilipokuwa shilingi 2,000 kwa mtoto kwa mwaka. Usizione ndogo. Zilikaribia bei ya debe la mahindi mnadani Katesh, na mvua ikikosa hilo debe lenyewe la kuuza hulipati. Ukijumlisha na michango ya dawati, mlinzi na mitihani, mwenye watoto wanne alikuwa ameshachoka kabla ya kengele ya kwanza. Kila Januari wazazi walikuja ofisini wakinukia moshi wa kuni na maziwa ya mgando, noti zimefungwa kwenye pindo la shuka, nao wakaanza kupanga mbele yangu: huyu wa kiume alipiwe, dada yake angoje mwakani. Nimeziona nyuso za hao dada. Walisimama nyuma ya mama zao, macho kwenye ramani ya Tanzania ukutani, wala hawakulia.

Mwaka 2001 ndipo tuliposikia redioni kwamba ada inafutwa. Waziri wa Elimu na Utamaduni alikuwa Joseph Mungai, mbunge wa Mufindi, jina tulilolijua siku nyingi, maana Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Kilimo miaka ya 1970 akiwa bado kijana. Rais alikuwa Mkapa, na Waziri Mkuu alikuwa Sumaye, mwana wa hapahapa Hanang, kwa hiyo habari ile tuliipokea kama ya nyumbani. Mpango wenyewe, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulianza 2002, mwaka uleule mkoa wetu wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha.

Januari ile sitaisahau. Walikuja Wairaqw kutoka mashamba ya juu, walikuja Wabarbaig waliotembea tangu alfajiri, akina mama wamevaa magauni ya ngozi yenye shanga, yananukia samli na vumbi la ng'ombe. Vijana wa miaka kumi na kitu, fimbo za kuchungia bado mkononi, walisimama mstari mmoja na watoto wa miaka saba. Mama yako alikuwa humo, amevaa sweta la kaka yake lililomfika magotini. Wale waliopita umri tuliwafungulia darasa la MEMKWA, wakasoma chini ya mti mpaka vyumba vikapatikana. Na vyumba vilijengwa, bwana! Fedha zilikuja kwenye akaunti ya shule, kamati ya wazazi ikakaa ikaamua, wanaume wakafyatua tofali, wanawake wakabeba maji kwa ndoo. Mzee mmoja wa kamati, asiyejua kusoma, alikuwa akihesabu mifuko ya saruji kwa kokoto alizotia mfukoni, na hakupotea hata mfuko mmoja. Harufu ya saruji mbichi na chaki ilinikaa puani mwaka mzima.

Msongamano ulikuwepo, watoto walikalia matofali, vitabu viligawanywa kwa kikundi, na walimu wapya walitujia baada ya mwaka mmoja tu chuoni, wa pili wakimalizia kazini. Hata hivyo nchi ilitoka wanafunzi milioni 4.4 wa shule za msingi mwaka 2000 ikafika zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kwangu mimi hakuna kazi ya waziri wa elimu inayoipita hiyo.

Wengine wanamkumbuka Mungai kwa jambo jingine: kuunganisha fizikia na kemia kuwa somo moja, uamuzi uliozua mabishano nchi nzima hadi waliomfuata wakautengua. Mabishano yale yalikuwa na haki yake. Lakini alipofariki, Novemba 2016, nilikuwa mgahawani Katesh, chai na mandazi mezani, walimu vijana wakilizungumzia hilo tu. Nikawauliza wao walianza shule lini. Wawili wakajibu: Januari 2002.