Itumba, na Gramu 60 za Sukari

Chupa ya bia ikikupasukia saa nane usiku ndani ya kabati la jikoni, usiombe! Kwetu zilipasuka tatu. Mtoto amelala chumba cha pili, vipande vya chupa vimefika mpaka chini ya friji. Asubuhi nikamwambia Baba Ney: ama hiyo ndoo yako ya pombe itoke humu ndani, ama nitatoka mimi. Sikuwa natania. Tulinuniana wiki nzima.

Likizo ya Juni ikatukuta hivyo hivyo, tukaenda kwao Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Siku hizi ni Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukitokea Mbeya unashuka Mpemba kabla ya kufika Tunduma, unakata kushoto, halafu ni kilomita kama 50 za lami hadi Isongole, mpakani na Malawi. Itumba haiko mbali na hapo. Milima ya Bundali, migomba, kahawa, na baridi ya asubuhi inayomfanya mtu wa Dar atafute sweta la mwenzake. (Nililichukua. Bado tumenuniana.)

Jioni ile ile tukapelekwa kwa shangazi yake, ambaye hupika kimpumu, pombe ya ulezi. Inaongezwa maji ya moto, watu wanakizunguka chombo kimoja na kunywa kwa mirija. Ilikuwa inatoa mapovu taratibu, wazi kabisa. Mimi na woga wangu nikauliza, "Shangazi, hii haiwezi kupasuka?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mkamwana, haina kizibo. Itapasukia wapi?"

Kumbe jibu lilikuwa pale pale. Kesho yake shemeji yangu, mwalimu wa kemia, alikuwa anafunga chupa za bia yake aliyopika kwa kimea cha ulezi. Ndoo ya lita 10, chupa 20 za nusu lita. Akamwita kaka yake, akamuuliza, "Wewe sukari unapimaje?"

"Kijiko kimoja kila chupa."

"Cha kufuta au cha mlima?"

Kimya. Hapo nikasogeza kigoda.

Iko hivi. Hamira iliyobaki kwenye bia inakula ile sukari ya mwisho na kutoa gesi, na kwa kuwa umeshafunga kizibo, gesi inabaki ndani ya bia. Chupa ya nusu lita inahitaji gramu 3 tu hivi. Kijiko cha chai cha kufuta kina kama gramu 4. Cha mlima kinaweza kufika 7 au 8. Yaani zaidi ya mara mbili! Halafu Baba Ney alikuwa na haraka, bia yenyewe haijamaliza kuchacha. Shemeji hafungi chupa mpaka kile kipimo chake cha kioo kinachoelea kisome namba ile ile siku tatu mfululizo.

Alipima gramu 60 za sukari nyeupe ya dukani kwa mzani wa jikoni, akaichemsha na kikombe cha maji, akaiacha ipoe. Akaimimina kwenye ndoo safi, kisha akaihamishia bia humo kwa mpira, polepole, mashapo yakabaki chini. Hapo kila chupa inapata sawa na mwenzake. Sukari ya kahawia nayo inafaa, kipimo ni karibu kile kile. Glukosi ya unga unaongeza kama sehemu moja ya kumi. Asali? Ina maji ndani yake, na kila asali na maji yake. Inataka kama gramu 75, na kwa mtu anayeanza mimi ningesema aachane nayo.

Nikauliza kuhusu Dar. Bia iliyochachia kwenye baridi inabaki na gesi yake nyingi zaidi, ndiyo maana kule 60 zinatosha. Kwenye joto letu ingefika kama 68. Chupa ziwe zile nene za bia za kurudisha, siyo za juisi. Na moja ajaze ya plastiki ya soda: unaiminya kila siku, ikiwa ngumu kama jiwe ujue gesi imeingia.

Baba Ney alikuwa anaandika kila kitu nyuma ya tiketi ya basi. Mwishoni akanyanyua macho, akanitazama mimi, siyo mdogo wake. "Nilifikiri unanionea," akasema. Nami nikakiri kwamba nilikuwa nimeshazoea kunung'unikia ile ndoo hata kabla ya chupa kupasuka.

Tulirudi, akanunua mzani Kariakoo. Ndoo imehamia stoo ya nje, chupa zinakaa kwenye kreti lenye mfuniko, mbali na chumba cha mtoto. Hilo ndilo sharti langu. Gramu 68, nilipima mimi mwenyewe. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kusikiliza, na mara zote mbili nilimkuta naye yuko macho.