London utasubiri, Dar utaanza leo

Kijana wa Sinza, Dar, mwenye kompyuta yenye nguvu na programu ya Premiere aliyowekewa na rafiki anaweza kuitwa edita wa filamu kabla mwaka haujaisha. London, mwenye umri kama wake, tena na shahada yake, anachemsha chai na kupeleka diski kati ya ofisi za Soho. Kazi yake ni kutumwa, na hakuna anayeona kwamba amedharauliwa. Ndio mlango wenyewe.

Akivumilia, anakuwa msaidizi wa edita, na humo watu hukaa miaka. Nimeifanya kazi hiyo, inachosha: unapokea picha zilizopigwa jana, unaoanisha sauti na midomo, unazipa majina na kuzipanga tukio kwa tukio, ili edita akiingia akute kila kitu mahali pake. Kukata tukio lenyewe, hukati. Labda edita awe mwema, akupe moja ujaribu, halafu akukosoe bila huruma. Hapo kwenye kukosolewa ndipo kazi inapofundishwa.

Kwetu ngazi hiyo haipo. Enzi za Bongo Movie za DVD, filamu zikikimbizwa kwa wasambazaji wa Kariakoo, edita mmoja alibebeshwa yote: kukata, muziki, rangi, maandishi, trela, wakati mwingine hata kava. Alilipwa kwa filamu, si kwa wiki, kwa hiyo kila siku aliyoongeza kufikiri ilimla yeye. Tulilalamika kwamba matukio yanaburuzwa, tukamlaumu edita kwa kosa la bajeti.

Nisiwapambe Wazungu kupita kiasi, lakini. Zamani, filamu ikiwa mkanda wa kukatwa kwa mkono, msaidizi alishinda ubavuni mwa edita. Kompyuta ikamtoa chumbani. The English Patient ya 1996, kazi ya Walter Murch, ndiyo filamu ya kwanza iliyohaririwa kwa Avid, programu ya kompyuta, kupata Oscar ya uhariri. Leo wasaidizi wengi wako chumba kingine, au wanaingia usiku edita akishaondoka. Wanapanga mafaili vizuri sana, ila hawamwoni mtu akifikiri.

Kijana wa Sinza amekata filamu nzima nyingi kuliko wao. Alichokosa ni mtu wa kumwambia hapa umechelewa kukata. Basi prodyuza unayesoma hapa, uwe Dar au Nairobi: kwenye bajeti ijayo tenga fungu la msaidizi wa edita, akae chumba kimoja na edita wako, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu.