Ritifaa ya Nyang'hwale

Nawaletea habari ya alama moja, ndogo kuliko chawa, iliyonitoa jasho muhula uliopita.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinituma nitengeneze daftari la wanafunzi wa bweni ndani ya mashine, ili mtu akitaja wilaya apate mara moja majina ya watokao huko. Nikayamimina majina yote kutoka jedwali la bweni, nikaanza kujaribu. Nikauliza Chato, majina yakaja. Mbogwe na Bukombe, yakaja. Nikauliza Nyang'hwale, mashine ikagoma, ikaniambia nimekosea sarufi! Nikausoma mstari wangu mara tano nisione kosa.

Sababu yake ni hii. Lugha ya kuulizia madaftari ya namna hiyo, iitwayo SQL, hufunga neno kati ya alama mbili zilizo mfano wa ritifaa. Nami nilikuwa nimeandika wilaya = 'Nyang'hwale'. Mashine ilipofika kwenye ritifaa ya Nyang' ikadhani neno limekwisha, na hiyo "hwale" iliyobaki haikujua ni mnyama gani.

Nakiri nilifanya jambo la aibu: niliifuta ritifaa kila mahali. Mashine ikatulia. Lakini mwenzangu mmoja alipoiona karatasi akauliza, "Ndugu, hii Nyanghwale iko wapi?" Nikakosa la kujibu. Hata jina la ukoo wetu lina ng', na nayajua mashaka yake: likiandikwa hivi katika cheti cha kuzaliwa na vile katika cheti cha mtihani, mzazi ndiye apandaye gari kwenda kula kiapo kwamba mtoto ni yule yule.

Nikamrudia Mwalimu. Akanionyesha kuandika ritifaa mbili mfululizo, 'Nyang''hwale', nayo mashine huzisoma kuwa moja. Lakini akasema hiyo ni dawa ya kutuliza tu, kwani siku moja nitasahau. Iliyo bora ni kuandika swali na kuacha nafasi, wilaya = ?, kisha jina lipelekwe peke yake. Hapo halichukuliwi kuwa amri hata likiwa na ritifaa kumi. Tena huzuia wezi, maana mwenye nia mbaya aweza kulifunga neno kwa ritifaa akaongeza amri yake, hata ya kufuta daftari zima. Hila hiyo imeandikwa hadharani tangu 1998.

Jumamosi nzima nikaandika upya, nikazirudisha ritifaa moja moja. Jioni nikamwita yule mwenzangu. Akasoma jina la wilaya yake, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kula.