Mchoraji wa Black Panther Unamjua?

Wengi wetu tulimwona Lupita kwenye Black Panther mwaka wa 2018, tukakunja mikono kifuani tukisema "Wakanda" hadi walimu wakachoka nasi. Sasa niambie bila kushika simu: ni nani alimchora Black Panther mara ya kwanza?

Kama umesema Stan Lee, hauko peke yako. Lee alikuwa mwandishi na mhariri, na sura yake tunaijua kwa sababu alikuwa akitokea kidogo kwenye filamu za Marvel. Lakini aliyeshika penseli ni msee anaitwa Jack Kirby.

Kirby alizaliwa New York mwaka wa 1917 kwa jina Jacob Kurtzberg, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kuchora, Kirby alijifunza zaidi mwenyewe. Akiwa na Joe Simon wakamtoa Captain America, na kwenye jalada la kwanza kabisa jamaa anampiga Hitler ngumi ya uso. Kitabu kilifika madukani mwisho wa 1940, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Mwaka wa 1944 Kirby mwenyewe akapelekwa Ufaransa kama askari wa miguu, na baridi ya huko nusura imfanye akatwe miguu.

Halafu ikaja miaka ya 60. Fantastic Four, Hulk, Thor, X-Men, Avengers, wote walipitia kwenye meza yake. Black Panther na Wakanda wakatokea 1966. Mara nyingi yeye na Lee walipiga stori tu kuhusu wazo, Kirby akaenda kuchora hadithi nzima, kisha Lee akaongeza maneno. Na Kirby alilipwa kwa ukurasa. Ukimaliza ukurasa, chukua doh yako, kwaheri. Wahusika wakabaki mali ya kampuni.

Miaka ya 80 Marvel ikawa inawarudishia wachoraji karatasi zao halisi. Wengine walipewa fomu fupi ya ukurasa mmoja watie sahihi. Kirby akapewa yake pekee, kurasa nne za masharti. Alibishana nao miaka, na 1987 akarudishiwa kurasa kama 2,000, ilhali inakadiriwa alikuwa amewachorea zaidi ya 10,000. Alifariki 1994. Mwaka wa 2009 Disney ikanunua Marvel kwa karibu dola bilioni 4. Watoto wake walidai haki za wahusika wa 1958 hadi 1963, mahakama zikasema hiyo ilikuwa kazi ya kuagizwa, hivyo mwenye mali ni aliyeagiza. Wakaelewana nje ya mahakama 2014, na ndipo jina la Kirby likaanza kuandikwa vizuri ndani ya vitabu.

Najua kuna mtu atasema, "Si alilipwa? Si alikubali?" Ni kweli, alilipwa. Lakini alikuwa na familia ya kulisha, na wakati huo hakuna aliyejua katuni ya senti chache ingegeuka filamu ya zaidi ya dola bilioni moja. Aliyekuwa na wakili wa kufikiria mbele ni kampuni, si mchoraji.

Hapo ndipo stori hii inanigusa, kwa sababu mimi pia nakula kwa vitu ninavyotengeneza. Kila wiki napata ujumbe wa aina moja: "Tuchoree logo, tutakutaja." Mwingine anataka video, na kwenye kandarasi kuna kamstari kanasema kila kitu ni chake milele. Nimekataa kadhaa, na nimeitwa mwenye maringo.

Sikwambii ukatae kila kazi, kodi ni kodi. Nasema soma hiyo karatasi kabla ya kutuma faili. Uliza kazi itatumika wapi na kwa muda gani, jina lako litakaa wapi, na wakiiuza tena wewe unapata nini. Wakikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu. Kirby alikuwa na kipaji kuliko sisi wote hapa, na bado hakikumsaidia mbele ya zile kurasa nne.

Wewe umewahi kuombwa kazi kwa malipo ya "tutakutaja"? Uliwajibu nini?